Jina Langu Lilifunga Mabao Mawili

Mwaka jana nilikwenda Kyuso kumtembelea shangazi yangu, nikalala katika chumba chenye dirisha la mbao ambalo yeye hulifunga wakati wote ili vumbi lisiingie. Asubuhi, kabla sijaona chochote, nilisikia filimbi. Baada yake zikafuata sauti za watoto wengi wakiita jina moja kwa mdundo, "Musyoka! Musyoka! Musyoka!", na juu yao ikapanda sauti ya mwanamume mzima, kavu, iliyochakaa kwa kupiga kelele: "Mbele! Piga mbele! Nani amekutuma upige chenga?"

Nilikuwa bado nimejifunika shuka. Sikuona uwanja, sikuona mpira, sikumwona huyo Musyoka wala huyo mwanamume. Lakini nilivuta shuka hadi juu ya kichwa, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta nyama imevunda, akarudisha kifuniko upesi. Shangazi alibisha akasema, "Amka, watoto wanacheza hapo shuleni. Si wewe ulikuwa unapenda mpira?" Nikamwambia sijisikii vizuri. Akaniletea chai ya tangawizi, maskini, akidhani ni baridi imenipata. Dirisha lile sikulifungua hadi mchana, wote walipokwisha kwenda zao.

Ninyi mnaosoma, acheni niwaambie nilichoshindwa kumwambia shangazi.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, jina langu lilikuwa maarufu kuliko mimi. Tuliishi upande wa vilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mji wa Salama, mahali ambapo watu wakinyamaza kidogo unasikia malori ya barabara kuu yakibadilisha gia kwenye mlima. Shule yetu ilikuwa na madarasa manane, tangi la maji la saruji, jiko lililojengwa kwa mbao na kujaa masizi, na uwanja ulioinama upande mmoja. Timu iliyokuwa ikishambulia kuelekea darasa la kwanza ilikuwa na mchezaji wa kumi na mbili, nao ni mteremko. Mama yangu ndiye aliyekuwa mpishi wa shule. Baba alikuwa kazini Mombasa. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwetu tunamwita susu, na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu.

Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na kabati la vioo lililonunuliwa kwa ajili ya makombe. Kwa miaka yote niliyolijua, ndani yake mlikuwa na chaki na mwavuli.

Halafu akaja Mwalimu Kilonzo.

Nataka kusema ukweli: sote tulimpenda. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kicheko cha kuambukiza, na filimbi ilining'inia shingoni mwake hata alipokuwa akifundisha hesabu. Aliwajua wazazi kwa majina. Akipita jikoni alionja mboga na kumwambia mama, "Mama Mumbua, wewe ungepikia rais." Alipokabidhiwa michezo, alisimama mbele yetu sisi wasichana wa timu akatupa mafundisho ambayo nayakumbuka neno kwa neno.

"Kombe halihitaji maelezo," alisema. "Mtu akishindwa ndipo anaanza kueleza: oo, tulicheza vizuri, oo, refa alikuwa mbaya. Lakini kombe unaliweka mezani, linanyamaza, na watu wote wananyamaza."

Mazoezi yake yalikuwa hivi. Wasichana wakubwa wanne walisimama katikati na kupiga mpira mbele kwa nguvu zao zote. Sisi wadogo tulikimbilia mpira ulipotoka nje, kwenye miiba, na kuurudisha. Wakapiga tena. Tukarudisha tena. Siku moja mpira ulinifikia ukiwa bado ndani ya uwanja, na badala ya kuurudisha nikauchukua. Nilikuwa nimejifunza chenga njiani nikitoka kuteka maji, nikizunguka mbuzi wa watu huku nikipiga kopo la mafuta ya kujipaka. Nikampita wa kwanza. Nikampita wa pili. Wa tatu akaninyang'anya. Filimbi ikalia.

"We Mumbua! Hii ni densi ama ni mpira?"

Timu nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa maana mtoto anayechekwa hucheka ili isijulikane kwamba ni yeye.

"Wewe ni kifaranga," akaendelea, bila ubaya wowote, akinishika kichwa. "Kifaranga hakipelekwi sokoni. Kaa kando, unenepe."

Nilingoja ninenepe. Nilikula muthokoi wa mama, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hadi tumbo likawa ngoma, lakini miguu ilibaki ile ile.

Michezo ya shule ilikuwa na sheria: mchezaji awe mwanafunzi wa shule anayoichezea, na asizidi umri uliowekwa. Sheria hiyo ilikuwa kama chandarua kilichotoboka. Kila mtu alijua tundu liko wapi. Walikuwepo mamluki. Hilo ndilo jina tulilowapa wachezaji wakubwa waliotolewa sekondari, wakavishwa sare za msingi na kupewa jina la mtoto fulani aliyeandikwa kwenye rejista. Shule jirani zilikuwa nao. Tuliwazomea mamluki wao tulipokutana nao, tukiwauliza watoto wao wanaendeleaje nyumbani. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja nasi tungekuwa na wa kwetu.

Jumapili moja baada ya kanisa, Mwalimu Kilonzo alifika kwetu akiwa na msichana mrefu aliyejishika mkono mmoja kwa mwingine kama mtu anayejizuia asianguke. Mama akampa kiti mwalimu, msichana akaketi kwenye kigoda, magoti yakampanda hadi kifuani.

"Huyu anaitwa Nthenya," mwalimu akasema. "Lakini kwa muda ataitwa Mumbua."

Aliomba jina langu kama jirani anayeomba sufuria.

Mama akamgeukia mwalimu. "Na Mumbua ataitwa nani?"

Mwalimu akacheka. "Mumbua atapumzika, Mama Mumbua! Ni fainali za zoni tu. Mwaka ujao akiwa darasa la nane, jezi namba saba ni yake. Mbele ya Mungu naapa."

Kati ya maneno yote yaliyosemwa siku ile, mimi nilisikia hayo ya mwisho tu. Jezi namba saba. Mama aliyasikia yote, najua, lakini mpishi wa shule ana mambo mengi ya kupima kabla hajafungua kinywa mbele ya mwalimu anayependwa na mkuu.  Nthenya akabaki kwetu kwa wiki nzima ili ajifunze kuwa mimi.

Kazi ya kumfundisha nilipewa mimi.

Leo nikikumbuka naona kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mzuri mno. Nilimwonyesha kovu la goti langu na kumweleza lilivyotokea. Nilimkaririsha jina la baba, jina la mwalimu wa darasa, dawati ninaloketi, mtoto ninayeketi naye na sababu iliyofanya tugombane. Nilishika kijiti. Akikosea nilimwambia arudie. Msichana wa kidato cha pili, aliyetoka upande wa Kiboko, mwenye miaka kumi na saba na mikono mipana ya mtu aliyelima, alisimama mbele yangu kila jioni akisema, "Naitwa Mumbua, niko darasa la saba," nami nikamwambia, "Sema kwa sauti ndogo. Mimi sina sauti hiyo."

Alicheka akijiziba mdomo. Alikuwa mtu mwenye haya. Alioga kabla hatujaamka na alikula kidogo, kama anayeogopa kuonekana ameshiba.

Na sasa nitawaambia jambo ambalo limenisumbua zaidi ya mengine. Katika mwaka ule wote, mtu pekee aliyenifundisha mpira alikuwa mamluki.

Ilianza siku ya pili. Alinikuta nikiupiga mpira kwenye ukuta wa tangi la maji, akasimama akitazama, halafu akauliza, "Mguu wa kushoto unauwekea nani?" Akachota majivu jikoni kwa mama, akanipaka mguu mzima wa kushoto. "Piga." Nikapiga. Akaudaka mpira akanionyesha alama ya majivu: ilikuwa ya vidole. "Umeupiga kwa vidole. Mpira haujui unataka uende wapi. Piga tena." Akanipaka tena. Tukaendelea hivyo mpaka alama ikahamia pale ilipopaswa kuwa, duara la kijivu, safi kama muhuri. Siku iliyofuata aliniambia nivae kiatu cha kulia tu, cha kushoto nikiache, ili mguu huo uusikie mpira. Alinifundisha kuutuliza mpira unaodunda kwenye mawe. Alinifundisha kuinua kichwa kabla haujanifikia, nijue tayari pa kuupeleka. Hakuwahi kuniambia ninenepe. Nilipokosea alisema, "Haya, tuone tena," na kweli tuliona tena.

"Wewe ulifundishwa na nani?" nilimuuliza.

"Na kaka zangu. Walinicheka mpaka nikajua." Kisha akaniambia kwamba Mwalimu Kilonzo amemwahidi kumpeleka shule ya bweni, moja ya zile ambazo wasichana wake hucheza hadi kitaifa. "Akiona kombe tu," alisema. "Kombe moja tu."

Siku ya tano nilifikia jambo ambalo halikuwa katika orodha ya mwalimu. Kwetu, mtoto hubeba jina la mtu wa ukoo, na aliyebeba jina huitwa kama mwenye jina alivyoitwa. Mimi nilipewa jina la mama yake susu. Basi susu, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, aliniita mwaitu, maana yake mama yangu. Alinikaripia akiniita mama yangu. Aliniagiza chumvi akiniita mama yangu. Na mara nyingine, macho yake yalipochoka, alinishika mkono na kunisimulia mambo kana kwamba nilikuwapo.

Nilifikiri nisimwambie Nthenya. Nakumbuka vizuri kabisa: nilifikiri, hiki kitu kibaki changu. Lakini alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ananipaka majivu mguuni kwa uangalifu kama anayemfunga mtoto jeraha, na moyo wangu ukalegea. Nikamwambia.

Fainali zilichezewa shuleni kwetu. Asubuhi maafisa wa zoni waliweka meza karibu na mlingoti wa bendera, wakawapanga wachezaji mstari, wakawa wanawahoji mmoja mmoja na kubandika picha zao kwenye fomu. Afisa aliyemhoji Nthenya alikuwa mama mmoja mwenye miwani, Mkamba wa kwetu. Aliangalia urefu wa Nthenya, akafikiri kidogo, akaacha maswali ya darasa na dawati. Akamuuliza kwa upole, "Na wewe umepewa jina la nani?"

"La mama yake susu wangu," Nthenya akajibu. "Susu huniita mwaitu."

Yule mama akatabasamu. Akabandika picha ya Nthenya kando ya jina langu, akapiga muhuri.

Wakati huo mimi nilikuwa jikoni. Mwalimu alikuwa ameagiza nisionekane, kwa hiyo nilikaa kwenye gunia nikichambua sinia la maharagwe ya wageni, moshi ukinichoma macho. Mama alikoroga sufuria kubwa na mwiko ulionishinda urefu. Tulisikia filimbi, tukasikia miguu, tukasikia uwanja ukivuta pumzi, halafu mlipuko.

"Mumbua! Mumbua! Mumbua!"

Shule nzima iliimba. Watoto wa darasa langu, niliogombana nao asubuhi hiyo hiyo kuhusu kifutio, waliimba jina langu kwa mapafu yao yote, wakijua kabisa nilipo.

Mama hakugeuka. "Umefunga bao," alisema, akiendelea kukoroga, "na sinia hujamaliza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baadaye kidogo wakaimba tena, bao la pili, nami nikashindwa kuvumilia, nikaweka jicho kwenye ufa kati ya mbao. Ndipo nikamwona susu.

Alikuwa amesikia njiani kwamba Mumbua anafunga mabao. Alikuja na fimbo yake na leso yake ya kanisani, akavuka mstari wa uwanja wakati wa mapumziko, akiuliza kila mtu, "Yuko wapi mwaitu? Yuko wapi mwaitu?" Na watu, wakiwa wamejaa furaha na uongo, wakamwelekeza. Alimshika Nthenya mikono yote miwili. Alimvuta chini hadi kichwa kikamfikia kifuani. Akamtemea mate viganjani, mate kidogo ya baraka, kama wazee wetu wanavyombariki mtoto aendaye safari, na akayasugua ndani ya ngozi kwa vidole gumba. Nthenya alisimama kama nguzo.

Pembeni, Mwalimu Kilonzo aliwakonyeza maafisa mezani. "Mnataka cheti gani zaidi ya hicho?" aliwaambia kwa sauti, akicheka kicheko chake kizuri. Watu wakacheka. Yule mama mwenye miwani akaitikia kwa kichwa.

Nilitaka kupiga kelele. Nilichofanya ni kurudi kwenye gunia na kuchambua maharagwe.

Kipindi cha pili beki mmoja wa timu pinzani, ambaye nina hakika naye alikuwa na kidevu cha kunyolewa kama angekuwa mvulana, alimpiga Nthenya teke gotini. Nilisikia kilio kabla watu hawajanyamaza. Halafu sauti ya mwalimu: "Amka, Mumbua! Amka! Dakika kumi tu! Kombe linakungoja!" Aliamka. Alicheza kwa mguu mmoja hadi filimbi ya mwisho, kwa sababu wachezaji wa akiba waliokuwa benchi walikuwa vifaranga wenzangu, ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kupiga mpira, na mwalimu alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Tulishinda mawili kwa moja.

Jioni goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Kwenye zahanati, kesho yake, waliandika katika kitabu kwamba Mumbua, wa darasa la saba, ameumia goti na asicheze kwa miezi mitatu. Mwalimu Kilonzo aliposikia miezi mitatu alisema, "Pole sana," na siku hiyo hiyo akaanza kutafuta msichana mwingine wa kwenda ngazi ya juu. Kwetu hakuja tena mwaka ule. Siku mbili baadaye kaka yake Nthenya alikuja kumchukua kwa pikipiki. Alipanda kwa shida, mguu ukiwa umenyooka kando kama mzigo wa fimbo. Kuhusu shule ya bweni hakuuliza, na hakuna aliyemtajia. Aliniambia tu, "Kushoto usikuache."

Nilimuuliza susu kama alidanganyika kweli siku ile. 

"Mikono yake ni mikubwa," alisema. "Nilijua nilipomshika. Lakini mtoto wa watu alikuwa anatetemeka. Ningemwachia baraka yake nusu, mbele ya wanaume wale?"

Jumatatu kulikuwa na gwaride. Mwavuli na chaki vilikuwa vimetolewa kwenye kabati. Mwalimu mkuu alisoma majina ya mabingwa, na aliposema "Mumbua, mfungaji wa mabao yote mawili," ilibidi nitoke mbele, mimi mwenyewe, na viatu vyangu vya plastiki, nipokee cheti. Shule nzima ilijua. Walimu walijua. Wakapiga makofi, na hakuna aliyecheka, hata mmoja. Hilo ndilo somo tulilofundishwa mwaka ule, na tulilifaulu sote.

Nilingoja mwaka. Kila jioni nilikwenda kwenye tangi la maji na majivu yangu. Mguu wa kushoto ukaja kuwa mguu kweli, kisha ukaja kuwa mzuri kuliko wa kulia. Nilirefuka kidogo. Kwenye mazoezi niliwapita wakubwa wawili, watatu, na siku moja Mwalimu Kilonzo aliiweka filimbi mdomoni akasahau kuipuliza. Nilipewa jezi namba saba. Mama aliifua mara mbili kabla sijaivaa, ili itoke jasho la wengine, alisema.

Meza ya maafisa iliwekwa kwenye uwanja wa shule jirani. Yule mama mwenye miwani alifungua faili lake, akapata fomu ya mwaka uliopita, akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena.

"Wewe ni nani?"

"Mumbua."

"Mumbua ni huyu hapa," akasema, akiweka kidole juu ya uso wa Nthenya. "Ana muhuri wangu."

Nikatoa cheti cha kuzaliwa. Akakisoma chote kwa haki kabisa. "Cheti hakina uso, mtoto wangu."

Nikaanza kumwambia yote. Jina la baba, mwalimu wa darasa, dawati. Niliona anasikiliza kwa huzuni, kama anayemsikiliza mtu aliyekariri. Kwa hiyo nikatoa la mwisho, lile nililotaka libaki langu. Nikamwambia nimepewa jina la mama yake susu, na susu huniita mwaitu.

Akavua miwani. "Hata mwenzako alijibu hivyo hivyo," alisema polepole. "Mmefundishwa vizuri. Lakini mimi sitadanganywa mara mbili. Toka kwenye mstari, mamluki."

Nyuma yangu wasichana wa shule nyingine walianza kuzomea. "Watoto wako wanaendeleaje nyumbani?" mmoja akaniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na uzito wa debe la mahindi.

Nilimtazama Mwalimu Kilonzo. Alikuwa hatua tatu kutoka mezani. Neno moja tu lingetosha, lakini neno hilo lingetaja kombe lililokuwa kwenye kabati. Alitazama filimbi yake, akaifuta kwa kidole, akasema, "Mumbua, vua jezi upesi, usitucheleweshe. Nani ana saizi hiyo?"

Niliivua pale pale, nikabaki na fulana.

Kwa miaka mingi nilidhani nilichoibiwa ni mechi. Mechi ni saa moja na nusu. Mtu anaweza kuisamehe. Nilikuja kuelewa polepole, nikiwa mtu mzima, nikiwa napita kando ya viwanja huku na kule, Makueni na Kitui, na kusikia sauti zile zile za wanaume waliovaa filimbi. Wasichana wapatao ishirini walipita mikononi mwa mwalimu yule kwa miaka miwili. Mmoja alipoteza goti. Wengine walitoka wakijua kuokota mpira kwenye miiba na kupiga makofi kwa uongo. Wala hakutuchukia. Hilo ndilo linalonipa kichefuchefu hadi leo: hakutuchukia hata kidogo. Alitupenda jinsi mtu anavyopenda ngazi, na akishafika juu hakumbuki ina vipago vingapi.

Jumamosi iliyofuata siku ile niliyovuliwa jezi, Mwalimu Kilonzo alikuja kwetu mchana. Mama alimpa kiti na chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda. Alikunywa, akasifu chai, akauliza hali ya susu, akasema mambo ya fomu ni mambo ya karatasi tu, yasituvunje moyo.

"Sasa, Mama Mumbua," akasema, akisogeza kiti, "timu imeingia ngazi ya juu. Kuna msichana nimempata huko Kitui, ni moto. Atachukua jina la yule mtoto wa darasa la saba, yule mwembamba. Lakini mtoto yule hawezi kueleza kitu. Nataka Mumbua anisaidie wiki moja tu, amfundishe huyo mgeni kujibu maswali." Akanigeukia na macho yaliyojaa upendo wa kweli. "Maana huyu mtoto kwa kufundisha, jamani, ana kipaji."

Nitakiri kwenu jambo la aibu. Nilikuwa nimelingojea neno hilo kutoka kinywani mwake kwa miaka miwili, na lilipotoka, kwa nukta moja, kabla sijaelewa lilikuwa la nini, nilifurahi. Mama aliniona nikifurahi. Aliona uso wangu ukiwaka, na ninaamini kwamba hicho ndicho kilichomwinua kitini.

"Umemaliza chai, Mwalimu?"

"Nimemaliza, asante sana."

Akakichukua kikombe mkononi mwake. Kilikuwa bado nusu.

"Basi nenda salama."

Alibaki ameketi kidogo, akitabasamu, akingoja mzaha ufike mwisho. Haukuwa mzaha. Muhula uliofuata shule ilikuwa na mpishi mwingine, na mama alijua hivyo tangu alipokigusa kikombe kile. Mimi nilichukua miaka kujua. Mwalimu akainuka, akachukua kofia yake, akatoka kwenye jua kali la saa nane. Kwetu mgeni husindikizwa. Hata mgomvi husindikizwa hadi njiani, hata anayekuja kudai, na mlango wa nyumba yenye watu haufungwi jua likiwa juu. Alifika uani, akasimama akigeuka nusu, akimngoja mama atoke naye.

Mama alifunga mlango.